Mwaka wa Injini Tatu Zisizofuka Moshi

Juma lililopita tulimzika Mzee Ndolo kwake Kanyangi. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai pamoja na watu wa kanisa, karatasi ya mazishi mkononi, nikitafuta ndani yake maisha ya reli, na nikakuta sentensi moja tu: marehemu alifanya kazi ya reli kwa miaka mingi na kwa uaminifu. Kisha wakaruka hadi ubatizo, ng'ombe na wajukuu. Nilitaka kusimama niulize: kazi gani hasa? Mwaminifu kwa nani? Na huyo nani, alikuwa mwaminifu kwake? Tabia hii ya kuuliza imenigombanisha na wachungaji wanne, mkuu wa idara na mume mmoja, lakini siku ile jua lilikuwa kali na wajukuu walikuwa wamechoka kulia, nikameza maswali yangu pamoja na soda ya vuguvugu. Nimeona niyaandike hapa. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala na nani. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule ambao chuo kikuu kilifungwa tukafukuzwa mabwenini asubuhi moja na magodoro yetu, na mimi, mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa pili, nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Makindu, nikatumia miezi mingi ya mwaka huo kutengeneza moshi.

Nilifika Makindu nikiwa na hasira na kila mtu. Kila Jumatatu ilinibidi kwenda ofisi ya chifu kutia sahihi kwenye daftari, ili serikali ijue kwamba niko na sifanyi lolote, na kwa kweli sikuwa nafanya lolote. Nilibishana na shangazi kuhusu maombi kabla ya chai, nikabishana na karani wa chifu kuhusu kalamu yake iliyofungwa kwa kamba kama mbuzi, nikasoma vitabu vyangu vyote mara mbili. Siku moja taa ya shangazi ikazimika na nikatumwa kununua fyuzi kwenye duka la Mzee Gurdev, Singasinga mmoja aliyeuza misumari, rangi na mabati karibu na stesheni. Dukani hakukuwa na mtu. Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mzee ikigombana: "Wewe nakufa tena? Jana nimekupa mafuta, nimekusafisha, leo nakufa tena? Hapana aibu?" Nilidhani kuna mgonjwa. Ndipo mke wake, ambaye Makindu nzima ilimwita Biji, hata wauza nyanya, akachungulia kutoka jikoni mikono ikiwa na unga. "Ingia tu, mama," akaniambia. "Anaongea na treni."

Nikipita mbele ya maabara yoyote leo, nikasikia harufu ya risasi ya kulehemu, bado naingia katika chumba kile. Katikati yake kulikuwa na meza kubwa kama vitanda viwili, imetengenezwa kwa mbao za makasha, na juu ya meza kulikuwa na nchi yetu. Reli nyembamba zilipanda vilima vya plasta vilivyopakwa rangi ya udongo mwekundu, zikapita kando ya tangi la maji lenye ukubwa wa bilauri, zikavuka mto mkavu ambao Mzee Gurdev aliujaza mchanga halisi kutoka mto wa Kiboko. Migunga aliitengeneza kwa nyuzi za katani. Kulikuwa na stesheni ndogo yenye paa la bati, na watu wa risasi wenye urefu wa ukucha wakingoja. Mzee mwenyewe, kilemba cha bluu na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, alikuwa ameinamia kichwa cheusi cha treni kisichozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Alikuwa dereva wa injini za moshi kwenye njia hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Vichwa vya mfano alivinunua kwa barua kutoka Ulaya, kimoja kimoja. Vyote vitatu vilitembea vizuri. Hakuna hata kimoja kilichofuka moshi.

"Wewe nasoma nini huko Nairobi?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Fizikia."

"Fizikia inatengeneza nini?"

"Haitengenezi, mzee. Inaeleza."

"Haya. Eleza hii." Akanisukumia kichwa cha treni kilichofunguliwa tumbo.

Nikakieleza. Chini ya bomba la moshi kulikuwa na kikombe cha chuma kidogo kama kifuniko cha kalamu. Ndani ya kikombe, kipande cha utambi, na juu ya utambi, waya mwembamba kuliko unywele ukiwa umezungushwa mara nyingi. Unadondosha mafuta kidogo, umeme unapanda kutoka relini kupitia magurudumu, waya unapata moto, mafuta yanageuka mvuke mweupe, na pistoni ndogo iliyofungwa kwenye gurudumu inausukuma nje kwa pumzi: pu, pu, pu. Katika kichwa hiki waya ulikuwa umekatika, utambi ulikuwa mkaa, na pistoni ilikuwa imeganda kwa utomvu mweusi. Nilimweleza yote haya kwa dakika tano, nikiwa nimejaa fahari. Mzee Gurdev akasikiliza hadi mwisho. "Mzuri," akasema. "Sasa tengeneza."

Nilimwuliza, kwa sababu siwezi kufanya jambo bila kuuliza, kwa nini alihangaika. Treni zinatembea, moshi wa nini? Akavua miwani mmoja. Mwezi wa Desemba, akasema, yeye na Biji wanahamia Uingereza kwa mtoto wao. Duka limeshapata mwenyewe. Kabla ya kwenda, alitaka mtu mmoja aje akae kwenye kiti kile pale na kuona treni. Mtu huyo alikuwa Ndolo wa Kanyangi, fayamani wake, aliyesimama naye kwenye injini moja miaka kumi na tisa akichochea moto wa boila huku yeye akiendesha. Mwaka aliostaafu, Ndolo aliapa hataweka mguu katika nyumba ya Gurdev, na hakuwa ameuweka. "Nimetuma watu mara tatu. Anakataa. Lakini akisikia iko moshi, pengine atakuja. Fayamani haangalii treni. Fayamani anaangalia bomba."

"Mlikosania nini?"

"Maneno ya kazi," akasema, akarudisha miwani.

Sikuamini hata kidogo kwamba mtu aliyekasirika miaka hiyo yote angesafiri kutoka Kanyangi, huko Kitui, kuja kutazama kitu cha kuchezea. Nilimwambia hivyo. Lakini kichwa kile kilikuwa tayari mkononi mwangu, na vidole vyangu vilikuwa havijafanya kazi yoyote ya maana kwa miezi miwili.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile ya wiki zilizofuata. Nilianza kwa makosa, tena makosa ya mtu aliyesoma. Mafuta ya asili yaliyokuja na vichwa yalikuwa yamekwisha zamani, kwa hiyo nikafikiri, mafuta ni mafuta, nikatia mafuta ya taa. Moshi haukutoka, ulitoka moto. Ulipanda kwenye bomba kama mshumaa, ukaniunguza nyusi ya kushoto, na Mzee Gurdev akamwaga chai yake yote juu ya injini. Biji alikuja mbio, akatazama uso wangu, akacheka hadi akaketi sakafuni. "Sasa umekuwa fayamani kweli," akasema. Siku nzima nilinuka tangawizi na nywele zilizoungua. Usukani wa treni, yaani kisanduku chenye kifundo cha kupunguza na kuongeza umeme, ulipata nguvu kutoka kwa betri ya lori iliyokuwa chini ya meza, maana umeme wa Makindu siku zile ulikuja na kuondoka upendavyo, na nilijifunza haraka kuchomoa betri kwanza kabla ya kuwa jasiri.

Waya nilioutafuta haukuuzwa popote kati ya Nairobi na Mombasa. Nikapiga hesabu usiku kucha kichwani, nikajua ninahitaji waya unaokataa umeme kiasi cha kupata moto bila kukatika, na asubuhi nikauliza dukani kama kuna pasi mbovu. Ilikuwepo, waya wake ulikuwa mnene na bapa kama utepe. Nikauliza jiko la umeme. Waya wake ulikuwa mnene zaidi. Ndipo nikaona, ukining'inia kwenye msumari, chuma cha kulehemu kilichokufa. Nikakifungua. Ndani, kati ya karatasi ngumu zinazong'aa, waya mwembamba ajabu ulikuwa umezungushwa mamia ya mizunguko, safi, wote wangu. Nilipiga kelele kiasi kwamba mteja aliyekuwa akipimiwa misumari aliangusha kopo. Pistoni nayo nilibadilisha ngozi yake kwa kukata ulimi wa kiatu cha Mzee Gurdev, na nikailainisha kwa samli. "Samli yangu?" Biji akauliza akiwa mlangoni. "Kijiko kimoja tu, Biji." "Treni inakula samli, mzee wangu anakula mkate mkavu." Lakini alileta kijiko, na pamoja nacho chapati yenye viazi ndani, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyeruhusiwa kufikiri akiwa na njaa.

Utambi wa taa ya chemli uliungua. Utambi wa jiko la mafuta ulidumu, kwa sababu ncha yake ilikuwa na nyuzi za kioo zisizoshika moto. Yakabaki mafuta. Yalihitaji kuwa safi, mepesi, yasiyowaka haraka wala kuganda, na nilipokuwa nikipitia lebo zote katika duka la dawa, nikayapata: mafuta meupe, yasiyo na harufu, ambayo watu waliyanywa kufungua choo. Chupa ya kwanza ilikwisha kwa siku mbili za majaribio. Ya pili ikafuata. Nilipoenda kununua ya tatu, mwenye duka la dawa, mama mmoja mpole wa kanisa la shangazi, alinivuta kando. "Dada, usiogope kuniambia. Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tumbo."

"Si yangu, mama. Ni ya treni."

Akanitazama kwa huruma nyingi. "Kula mboga," akanong'ona. "Na upunguze mawazo ya chuo." Jumapili iliyofuata shangazi alirudi kanisani akaniambia kwamba akina mama wameniombea, ila hakutaka kusema wameniombea nini.

Kisha, alasiri moja ya Septemba, nilidondosha mafuta kwa sirinji, nikageuza kifundo taratibu, na kutoka bomba la kichwa cha kwanza ukatoka uzi mweupe. Ukakatika. Ukatoka mwingine. Magurudumu yakazunguka, na moshi ukaanza kuja kwa pumzi, pu, pu, pu, mnene, mweupe, ukipita juu ya kilima cha plasta na kulala kwenye mto mkavu. Mzee Gurdev akainuka. Alitembea kuzunguka meza akiifuata treni ile, mzunguko mzima, kisha mwingine, mikono nyuma, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Mimi nilikuwa naruka. Nilikuwa nimefaulu mitihani mingi maishani lakini hakuna mtihani ulionipulizia majibu usoni namna ile. Baada ya wiki mbili vichwa vyote vitatu vilikuwa vikifuka, na mimi nikitaka kila kimoja kifuke zaidi ya mwenzake. Nilibana waya karibu na utambi, nikaongeza matone kutoka matano hadi kumi. Ilifika mahali hatukuuona ukuta wa pili.

"Sasa nitakwenda mwenyewe Kanyangi," nikamwambia Mzee Gurdev.

Ili kwenda nje ya wilaya nilihitaji ruhusa ya chifu. Karani akafungua daftari. "Sababu ya safari?"

"Kumwalika mzee kutazama moshi."

Akaweka kalamu chini. "Dada, mimi nina watoto. Nikiandika moshi, wakubwa wa Machakos wataniuliza ni moshi gani wanafunzi wanataka kuonyesha watu. Naandika 'shughuli za familia'."

"Lakini si kweli."

"Ndiyo maana itapita," akasema, akagonga muhuri.

Nilifika Kanyangi kesho yake saa nane mchana, vumbi hadi kwenye meno. Mzee Ndolo alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho mekundu kidogo. Mke wake, Syombua, aliniingiza jikoni kwanza, maana mgeni hulishwa kabla ya kuulizwa, akanipakulia isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu asubuhi. Nilikula nusu sahani kabla ya kuona jambo la ajabu: mlango na dirisha la jiko vilikuwa vimefungwa, moto wa kuni ulikuwa ukiwaka kati ya mawe matatu, na macho yangu hayakuwasha. Kuta zilikuwa nyeupe. "Ni yeye," Syombua akasema, akimwonyesha mumewe kwa mwiko. "Hataki kuona moshi nyumbani kwangu. Ananipangia kuni kama anapanga vitabu. Majirani wanafikiri hatupiki." Mzee Ndolo alikuwa akisogeza kuni moja kwa ncha ya kidole, upana wa punje ya hindi, hivi, kisha akaiacha.

Nilipotaja Gurdev hakukasirika. Alinieleza tu, polepole, kama mtu anayesoma kutoka kwenye karatasi. Injini zao zilichoma mafuta mazito meusi. Mafuta hayo huacha masizi kwenye mabomba ya boila, na masizi yakijaa, mvuke unapungua. Dawa yake ni mchanga. Fayamani anamwaga koleo moja la mchanga kwenye moto, moto unauvuta, mchanga unakwangua masizi, na yote yanatoka juu kwa bomba. "Ni giza, mwiitu, binti yangu. Ni giza linatoka. Kwa hivyo unafanya hiyo kitu porini, mahali iko twiga peke yake." Siku moja, wakipanda kutoka pwani, mvuke ulipungua karibu na stesheni moja ndogo. Kwenye jukwaa alisimama mkubwa wa reli na mke wake, meza ya chai imetandikwa. "Gurdev akasema, mwaga. Nikamwambia, stesheni iko mbele. Akasema, mwaga sasa. Nikamwaga."

"Chai ikawa wino," Syombua akasema.

"Ripoti ikaandikwa na dereva: fayamani amemwaga mchanga bila kuambiwa. Mwaka huo ndio walianza kuchagua Waafrika wa kufundishwa udereva. Jina yangu ilikuwa ya pili. Ikakatwa. Kila mwaka wakifungua faili, wanakuta hiyo karatasi." Alistaafu akiwa fayamani, akiwaona vijana aliowafundisha kuwasha moto wakiketi upande wa dereva. "Mimi najua nani alisema mwaga. Yeye anajua. Wenye hawajasikia ni watu."

Nilimwuliza kama atakuja. Aliniuliza tu, akiinamia moto wake: "Hizo injini zake. Moshi wake uko namna gani?"

"Mwingi sana, mzee!" nikasema. "Mwingi mpaka huoni ukuta!"

Akavuta kuni moja nje kidogo ya moto.

Nilirudi Makindu nimejaa maneno. Nilimkuta Mzee Gurdev akipaka mafuta reli kwa kitambaa, nikamwuliza papo hapo, nimesimama: "Ni wewe ulisema mwaga?" Kitambaa kikasimama. Akasema siku zile alikuwa na watoto wanne, na Mhindi aliyemchafua mkubwa wa Kizungu hakuonywa mara mbili. "Na yeye alikuwa na watoto wangapi?" nikauliza. Sikuwa mpole. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilidhani swali zuri ni lile linaloumiza. Leo bado nadhani lilikuwa swali zuri. Alikunja kitambaa mara nne, kikawa kidogo kama kiberiti. "Watano," akajibu. Kisha akasema: "Wewe tengeneza moshi. Hiyo ingine nitatengeneza mimi." Nilikuwa na shaka. Nilikuwa nimeona watu wengi wenye hatia wakiandaa chakula kikubwa badala ya kusema neno dogo, na nilikuwa nasikia Biji jikoni akipiga hesabu ya sambusa za watu ishirini.

Mzee Ndolo alituma neno la siku, na akaja kweli. Jumamosi moja ya Novemba, siku mbili baada ya mvua ya kwanza, alisimama mlangoni pa duka akiwa amevaa koti zito la reli na viatu vilivyojaa matope mekundu, Syombua nyuma yake. Chumba kilikuwa kimejaa: majirani, Masingasinga watatu wazee kutoka hekalu lao, shangazi yangu, yule mama wa duka la dawa, akina mama wa sokoni waliosimama mlangoni na vikapu vyao. Gurdev na Ndolo walipeana mkono haraka, kama watu wanaopimana joto. Ndolo hakuketi kwenye kiti alichoandaliwa. Mzee Gurdev akapanda kwenye kigoda chake karibu na kifundo, mimi nikajaza mafuta, matone kumi kila kichwa, na tukaziachilia zote tatu kwa pamoja.

Watu walipiga kelele! Moshi ulipanda kama pamba, ukajaza mabonde, ukafunika tangi la maji; akina mama wakapiga vigelegele, shangazi yangu, ambaye hakuwahi kusifu chochote cha chuo kikuu, akasema "Huyo ni mtoto wetu!" Nikamgeukia Mzee Ndolo nione uso wake.

"Zima," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Zima hiyo kitu! Nani anachoma hivi?" Alikuwa ameudhika kweli. "Hii ni moshi ya mtu hajui kazi. Mafuta inaenda hewani, maji haipati moto. Tungeonekana hivi Makindu, hata mtoto wa kuuza chai angetucheka." Nikachomoa betri. Miezi yote ile nilikuwa nimekimbilia moshi mwingi, na Mzee Gurdev, kwa tamaa yake ya kumfurahisha mwenzake, aliniacha nikimbie, ilhali mtu tuliyemtengenezea alitumia maisha yake yote kuhakikisha moshi hauonekani. Lile jiko jeupe la Kanyangi lilikuwa limeniambia, na mimi nikala isyo na kutosikia. "Basi unatakiwa uwe vipi?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa kali.

Kwa mara ya kwanza akanitazama kama mtu. "Leta hapa."

Tukafungua kichwa cha kwanza. Nikaushika utambi kwa kibano, yeye akatazama. Matone kumi yakawa matatu. Nikauinua waya kidogo kutoka kwenye utambi, upana wa unywele. Nikawasha. "Bado," akasema. Nikainua tena. "Bado. Umezidisha. Rudi. Hapo. Hapo, usiguse!" Kutoka bomba ulitoka moshi wa rangi ya jivu, mwembamba, wenye kuonekana na kutoonekana, kama pumzi ya mtu asubuhi ya Julai. Nilichukua mita ya umeme, nikapima, nikaandika namba kwenye kiganja. Alikuwa ameipata kwa jicho tu. Tukafanya cha pili, tukafanya cha tatu, vichwa vyetu vikigongana, mimi nikiuliza na yeye akijibu kabla sijamaliza, na sikumbuki tena kama kulikuwa na watu chumbani. Tulipomaliza alikuwa amevua koti.

"Sasa," akasema, akijinyoosha, "nani dereva?"

Mzee Gurdev alikuwa bado juu ya kigoda, mkono kwenye kifundo. Akautazama mkono ule. Kisha akashuka, akafuta kigoda kwa kanzu yake, akasimama kando. Akanyoosha kiganja kwangu, nikampa sirinji ya mafuta.

Ndolo akaketi upande wa dereva. Aliangalia mbele, akaangalia nyuma, akageuza kifundo polepole kiasi kwamba mabehewa yaliondoka bila kutikisika, jambo ambalo Mzee Gurdev hakuwahi kulifanya mbele yangu hata mara moja. Treni ikapanda kilima, ikapita tangi, ikavuka mto. Mzee Gurdev aliifuata akiinama, akidondosha tone hapa, tone pale, akihema. "Moshi, fayamani!" Ndolo akasema bila kugeuka. "Ndiyo, dereva." Akina mama wa mlangoni wakacheka. "Angalia bomba!" "Naangalia, dereva." Kisha treni ikaikaribia stesheni ndogo yenye paa la bati, na sirinji ikamwaga mafuta yote ndani ya bomba. Wingu zito likaruka, likaifunika stesheni yote, jukwaa, watu wa risasi na kila kitu.

Ndolo akasimamisha treni. Jikoni sufuria iliacha kugongwa.

"Fayamani," akasema. "Nani amekuambia umwage?"

Mpaka leo sijui kama mkono wa Mzee Gurdev ulitetemeka au aliusukuma mwenyewe. Nilimwuliza siku alipoondoka, akatabasamu tu. Lakini najua angeweza kusema ni mkono, ni uzee, ni sirinji ya huyu msichana. Badala yake aliweka sirinji mezani, akasimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Hapana mtu ameniambia," akasema. "Hii ni mimi peke yangu. Lakini ile siku, Ndolo, wewe uliambiwa. Mimi nilisema mwaga. Ulinikumbusha stesheni iko mbele, nikasema mwaga sasa. Halafu nikaandika uongo, nikatia sahihi." Akavuta pumzi, akawageukia wale akina mama wa mlangoni, akarudia yote kwa Kikamba, neno kwa neno, Kikamba kizuri cha mtu aliyeishi hapa miaka mingi akinunua na kuuza, hata pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa. Syombua aliinua leso akajifunika mdomo.

Ndolo hakusimama kumkumbatia, na hakusema amemsamehe. Nilimngoja aseme, wote tulimngoja. Alikaa kigodani, mkono kwenye kifundo, akitazama wingu lile likipungua kidogo kidogo, hadi bati la stesheni likaonekana, kisha jukwaa, kisha wale watu wadogo waliosimama wakingoja.

"Punguza moshi, fayamani," akasema. "Tumechelewa."